Je, Kusema "Naumwa" ni Kukosa Imani?

Somo: Mwanzo 32:22–32 na Mwanzo 33:12–14



Mama Mchungaji ameniomba niandike yale niliyosema katika ibada ya akina mama, ili na wale ambao hawakuwepo wasome. Siku ile nilipewa dakika kumi tu, na mtoto alikuwa mgongoni analia, kwa hivyo mengi niliyaruka. Hapa nitayaweka yote, hata lile ninaloona haya kulisema.

Wengi wenu mnakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa kumi mwaka jana. Tulikuwa katika kuabudu, tumesimama, mikono juu. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, mimba ya miezi saba. Ghafla nikapiga kelele na kuanguka magoti. Wahudumu wakaja mbio, mmoja akanifunika leso miguuni, wengine wakaanza kunena kwa lugha, na dada aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti, "Asante Yesu, mguse zaidi!"

Wapendwa, leo nasema ukweli. Siku hiyo si Roho aliyeniangusha. Ni mguu. Kitu kama waya wa moto kilitoka kwenye tako la kulia, kikapita nyuma ya paja, kikashuka mpaka kisigino, na mguu ukakataa kunibeba. Na mimi, badala ya kusema naumwa, nilibaki pale chini nimeinua mkono, watu waendelee kufikiri ni upako.

Nikiwa pale sakafuni nilijiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza mpaka leo. Kwa nini ilikuwa rahisi kwangu kudanganya kanisa zima kuliko kusema neno moja tu, naumwa?

Maumivu yenyewe

Yalianza mwezi wa nane, omena ilipofunguliwa. Wale mnaofanya kazi hapa Dunga mnajua vile huwa. Omena ikifungwa kuanzia mwezi wa nne, mfuko unakauka, kwa hivyo ikifunguliwa hakuna mtu anakaa nyumbani. Alfajiri unasubiri mashua zikirudi na taa zao, unanunua, unabeba karai kichwani, unaanika kwenye neti, unainama kugeuza, unainama kuokota takataka, unainama tena mvua ikitisha. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mgongo ukaanza kuuma chini kabisa, pale unapokutana na nyonga. Nikasema ni kawaida, kila mama mjamzito analalamika mgongo.

Lakini haukukaa mgongoni. Ulihamia takoni, upande mmoja tu, halafu ukaanza kushuka mguuni. Usiku nikijigeuza kitandani nilikuwa nauma meno. Kuvaa sketi nimesimama ikawa shida. Bodaboda ikipita kwenye shimo nilikuwa naona nyota. Wakati mwingine nyayo ilikufa ganzi, ni kama nimekanyaga siafu.

Jirani yangu pale ufuoni, mama mzima ambaye sote tunamwita dani, alinitazama siku moja nikiinuka kwa kushika neti na ukuta. Akaniambia, "Nyathina, wewe sasa umekuwa mgongo wazi." Watu wote wakacheka, hata mimi. Mnajua mgongo wazi ni nini: ile mbuta ambayo kiwanda kimeshaondoa minofu, inabaki kichwa na mifupa, ndiyo akina mama wanaikaanga kule Obunga. Nilicheka, lakini moyoni nilisikia vibaya, kwa sababu alikuwa ameniona. Mtu ambaye hata haendi kanisa letu alikuwa ameona kitu ambacho nilikuwa nawaficha ninyi ninaoomba nanyi kila Jumatano.

Lile ninaloona haya kulisema

Nilikuwa na sababu ya kuficha. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la akina mama vijana. Miaka miwili kabla ya hapo, dada mmoja wa darasa langu, mimba yake ya kwanza, alikuja akiwa anachechemea. Akasema nyonga inamuuma, hawezi kusimama ibada nzima, na akaniuliza kama anaweza kukaa. Nilimjibu mbele ya wenzake. Nilimwambia, "Usikiri hayo. Ukikiri udhaifu unampa adui mlango. Sema mimi ni mzima, halafu simama." Akasimama. Alisimama saa mbili huku machozi yakimtoka, na mimi nikaona ni machozi ya kuguswa.

Alikuja Jumapili mbili zingine, halafu akapotea. Tulipouliza tukaambiwa amehamia Nyalenda. Nikasema moyoni, huyo hakuwa na mizizi.

Sasa mnaelewa. Ningesimama wapi niseme naumwa? Nilikuwa nimeshatoa hukumu juu ya neno hilo. Kipimo nilichompimia nacho kilikuwa kimerudi, na nilikuwa nimelala juu yake sakafuni.

Nilichoelezwa kliniki

Baada ya Jumapili ile, baba watoto alinipeleka kliniki bila kuniuliza. Muuguzi alinikalisha, akachukua kitabu changu cha mama na mtoto, akaniuliza maswali mengi, akanifanya niinue mguu mmoja mmoja. Halafu akanieleza kwa lugha rahisi, na mimi nawaeleza vile nilivyoelewa, kwa sababu kuna mabinti hapa kanisani wanaohitaji kujua.

Kuna neva moja kubwa, inaitwa neva ya siatiki. Ndiyo nene na ndefu kuliko zote mwilini. Mizizi yake inatoka chini ya uti wa mgongo, inaungana, inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, na juu kidogo ya goti inagawanyika kuelekea mguu wa chini na nyayo. Ikibanwa au ikikasirishwa popote njiani, unasikia uchungu au ganzi mahali inapopita. Ndiyo maana ulikuwa mgongo, halafu ukawa tako, halafu kisigino. Njia ni moja.

Wakati wa mimba, mwili unatoa homoni zinazolegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia siku ikifika. Tumbo nalo linavuta mbele, mgongo unajipinda kulisawazisha, na misuli ya takoni inafanya kazi ya ziada. Muuguzi aliniambia mara nyingi kile akina mama wanachokiita mshipa wa mguu ni viungo vya nyonga vyenyewe vinavyouma, na wengine wana vyote viwili. Aliniambia pia jambo ambalo lilinitoa machozi. "Mama, haya siyo makosa yako. Na hayamaanishi mtoto anaumia."

Akanifundisha mambo madogo. Nilale kwa ubavu, na leso nene nizikunje niweke katikati ya magoti. Nikijigeuza, magoti yaende pamoja. Nivae nguo nimekaa. Nichambue omena nimekaa kwenye kiti, si kuinama kiunoni. Nibebe mizigo midogo miwili badala ya karai moja kubwa. Nisisimame muda mrefu mahali pamoja, lakini pia nisilale siku nzima, kwa sababu kutembea kidogo kidogo kunasaidia. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu pale panapouma. Akaniandikia nimuone mtu wa fiziotherapia, ambaye alinipa mazoezi ya nyonga na kunionyesha vile mshipi wa kushikilia nyonga unavyofungwa. Mambo haya si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2016 kuhusu wajawazito, linashauri mazoezi ya kawaida wakati wote wa mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na linataja fiziotherapia na mshipi kati ya njia za kuyatuliza.

Kuhusu dawa, sikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa nimeshapewa na jirani vidonge vya ibuprofeni alivyobakisha. Muuguzi alivichukua. Dawa za jamii hiyo, pamoja na diklofenaki, kuanzia kama wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anamoogelea, na mimba ikikomaa zinaweza kufunga mshipa wa moyo wake kabla ya wakati. Aliniruhusu panadol kwa kipimo alichoniandikia. Usimeze kitu kwa sababu jirani alimeza. Uliza kwanza.

Na akaniambia dalili ambazo haziulizwi kanisani wala ufuoni, unaenda hospitali mara moja: ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kikikushinda kuzuia, mguu ukipoteza nguvu kabisa, homa, damu au maji kutoka chini, maumivu yanayokuja na kuondoka kama mawimbi kabla ya siku zako, au ndama ya mguu mmoja kuvimba na kuwa moto. Hapo usingoje kesha. Tutakesha wewe ukiwa mikononi mwa daktari.

Lakini si Mwanzo 3 inasema?

Nilipotoa ushuhuda huu mara ya kwanza, dada mmoja aliniuliza swali zuri. Alisema, "Si Mungu mwenyewe alimwambia Hawa atazaa kwa uchungu? Sasa kutafuta kuupunguza si kushindana na Neno?"

Swali hilo si jipya. Mwaka wa 1847 kule Edinburgh, Uskoti, daktari mmoja aitwaye James Young Simpson alianza kutumia dawa ya klorofomu kutuliza uchungu wa akina mama wanaojifungua. Wapo waliompinga kwa mstari huohuo wa Mwanzo 3:16. Simpson alikuwa mtu wa Biblia, na mwisho wa mwaka huo akachapisha kijitabu cha kuwajibu. Aliwakumbusha pia Mwanzo 2:21: Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu, kwanza alimlaza usingizi mzito. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1853, malkia wa Uingereza alijifungua mtoto wake wa nane, na daktari John Snow akampa klorofomu hiyo. Huyo malkia ndiye Victoria. Speke alipofika ziwa letu mwaka wa 1858, alilipa jina lake, ingawa wazee wetu walikuwa na jina lao tayari, Nam Lolwe. Kwa hivyo kila asubuhi tunaosha samaki kwenye ziwa lenye jina la mama aliyeona uchungu wa kuzaa na kukubali kusaidiwa.

Lakini mimi sitaki tusimame kwa malkia. Tusimame kwa Neno. Soma Mwanzo 3:16 halafu usiishie hapo, soma 17, 18 na 19. Mwanamume naye aliambiwa ardhi itamzalia miiba, na atakula kwa jasho. Katika Kiebrania, neno la uchungu wa mwanamke katika mstari wa 16 ndilo hilohilo la taabu ya mwanamume katika mstari wa 17. Sasa niambieni, ni mwanamume gani wa kanisa hili anayekataa kung'oa magugu kwa sababu Mungu alisema kutakuwa na miiba? Ni mvuvi gani wa Dunga amekataa injini ya mashua, ati makasia ndiyo yanayotoa jasho la kibiblia? Hakuna. Mwanamume akipunguza jasho tunasema Mungu amembariki. Mwanamke akipunguza uchungu tunauliza imani yake iko wapi. Hiyo si Mwanzo 3. Hiyo ni sisi.

Kukiri na kusema kweli

Najua mwingine atasema nimeanza kurudi nyuma. Hapana. Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu katika kanisa hili. Naamini pia maneno yana nguvu, na mtu anayejitabiria mabaya kila siku anajiumiza. Siyafuti hayo.

Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Kusema "naumwa" ni kueleza hali. Kusema "Mungu ameniacha" ni kutoa hukumu juu ya Mungu. La kwanza linaweza kuwa mwanzo wa maombi. Mimi niliyatupa yote mawili kwenye pipa moja, na nikamfundisha msichana wa watu afanye hivyo.

Mtazame Rebeka, Mwanzo 25. Isaka mumewe alimwombea kwa Bwana kwa sababu alikuwa tasa, akajibiwa, na mimba yenyewe ikamtesa Rebeka, watoto wakishindana tumboni. Je, alisema "mimi ni mzima"? Hapana. Aliuliza, ikiwa ni hivi, mimi naishi kwa nini? Halafu akaenda na swali hilo kwa Bwana. Na Bwana hakumkemea kwa kukiri vibaya. Alimjibu, akamfunulia mambo ya mataifa mawili ambayo hakuna nabii alikuwa ameambiwa. Kama Rebeka angekuja darasani kwangu wakati ule, ningemnyamazisha, na unabii huo tungeukosa.

Yule ambaye hasemi kwamba anaumwa, ataombewa nini? Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee. Huwezi kuwaita wazee bila kusema kwamba unaumwa.

Mshipa wa Yakobo

Sasa tuje kwenye somo letu. Mnaijua habari. Usiku, kwenye kivuko cha Yaboki, Yakobo anashindana na mtu mpaka alfajiri. Anaguswa kwenye uvungu wa paja, nyonga inateguka. Anang'ang'ana, anabarikiwa, anapewa jina Israeli. Jua linamchomoza akiwa anachechemea. Halafu mstari wa 32 unasema kwamba kwa sababu hiyo wana wa Israeli hawali mshipa ule wa paja. Niliposoma mstari huo nikiwa na kitambaa cha maji moto takoni, nilishtuka. Wayahudi wanaoshika sheria hiyo mpaka leo huuondoa mshipa huo kwenye nyama ya paja la nyuma, na mapokeo yao yanasema ndiyo ile neva ya siatiki. Neva yangu. Ilikuwa kwenye Biblia siku zote na mimi nilikuwa naipita.

Tumezoea kuhubiri baraka ya Penieli. Mara chache tunahubiri kwamba baraka na kuchechemea vilikuja usiku mmoja, kwa mtu mmoja, na Mungu hakuona aibu kuviweka pamoja. Kama mimi ningekuwa mhudumu wa mlangoni asubuhi ile, ningemwambia Israeli asimame wima.

Lakini jambo lililonibadilisha liko sura inayofuata. Yakobo anakutana na Esau, wanapatana, na Esau anamwambia twende pamoja, mimi nitatangulia. Yakobo anakataa. Anamwambia bwana wake kwamba watoto ni wachanga, na kuna wanyama wanaonyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hivyo yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo wa wanyama na watoto.

Wapendwa, huyu ni Yakobo yule yule aliyekuwa na haraka tangu tumboni, ameshika kisigino cha mwenzake. Maisha yake yote alikuwa anawahi: haki ya mzaliwa wa kwanza, baraka, mifugo. Sura moja tu baada ya nyonga kuteguka, tunamsikia akizungumzia mwendo wa wanyonyeshao. Biblia haisemi wazi kwamba kuchechemea ndiko kulimfundisha. Hiyo ni mimi nasema. Lakini mtu anayechechemea hawezi kukimbiza wengine, na anajua kitu ambacho mwenye miguu mizima hajui.

Sitawaambia kwamba Mungu alinipa maumivu ili kunifundisha. Sijui hilo, na mtu asije akamwambia mama mjamzito maneno hayo anapolia. Nasema tu kwamba maumivu yalipokuja yalinikuta na deni, na nisingeliona deni hilo nikiwa natembea haraka.

Nyalenda

Mwezi wa kumi na moja nilimtafuta yule dada. Nilimpata Nyalenda, anakaanga mandazi mbele ya nyumba, mtoto wake mwenye miaka miwili anacheza na kifuniko cha sufuria. Nilikuwa na miezi minane. Aliniona nikija nikichechemea, akainuka, akaniletea kiti chake mwenyewe. Kabla hata sijasalimu alisema, "Kaa, mwalimu."

Nililia. Nilimwomba msamaha, nikamwambia yote, hata ile Jumapili nilijifanya nimeguswa. Alinyamaza kwa muda akigeuza mandazi. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi sikuondoka kwa sababu ya mguu. Mguu ulipona nilipojifungua. Niliondoka kwa sababu nilichoka kudanganya."

Alinisamehe. Lakini hajarudi kanisani, na sijui kama atarudi. Ningependa kumalizia ushuhuda huu kwa kumleta mbele mumwone. Siwezi. Naenda kumsalimia, nanunua mandazi, tunaongea. Nimekubali kwenda kwa mwendo wake.

Jinsi mlivyonibeba

Nataka pia kuwashukuru, kwa sababu niliposema ukweli hamkunitupa. Jumatano baada ya kliniki nilisimama katika maombi nikasema: naumwa mguu, siwezi kusimama muda mrefu, siwezi kubeba karai, nisaidieni. Nilitetemeka kuliko siku ya kuokoka kwangu. Mchungaji akaomba, na baada ya amina, mhudumu mmoja akaenda akaleta kiti, akakiweka mstari wa tatu, pale pale nilipoanguka.

Nikakumbuka Kutoka 17. Musa aliposhindwa kushikilia mikono juu mlimani, Haruni na Huri hawakumwambia akiri nguvu. Walimletea jiwe akakaa, halafu wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande ule, mpaka jua likatua. Vita vilishindwa na mtu aliyekaa. Dada wawili walikuwa wakinisaidia kuanika asubuhi. Baba watoto alianza kuteka maji, na wanaume wenzake walipomcheka aliwaambia wasome Mwanzo 3 mpaka mwisho. Dani, yule asiyekuja kanisani, alibeba karai langu wiki sita, na alikataa pesa.

Mtoto alizaliwa salama mwezi wa kumi na mbili, msichana. Maumivu hayakukatika siku hiyo. Yalipungua polepole, na hata sasa nikiinama vibaya mguu unanikumbusha. Nimeomba yaishe kabisa, na ninaendelea kuomba. Nikikaa wakati wa kuabudu, msinitazame kwa huruma wala kwa hukumu. Nimekaa, na ninaabudu.

Kwa hivyo swali letu, je, kusema naumwa ni kukosa imani? Mimi nimejibu hivi. Imani ni kumwamini Mungu, na kwa Mungu ninayemwamini sina haja ya kujifanya. Mtu akija kwetu anachechemea, kazi yetu ya kwanza si kupima imani yake. Ni kuleta kiti. Isaya 40:11 inamwonyesha Bwana kama mchungaji anayewaongoza polepole wale wanaonyonyesha. Kama Yeye anapunguza mwendo, sisi tunamkimbilia nani?

Maombi. Bwana, wale wanaobeba mimba na maumivu kati yetu, uwape usingizi, uwape nguvu, uwaponye. Tusamehe pale tulipowanyamazisha. Utufundishe mwendo wao. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa vikundi vya nyumbani
1. Kuna jambo gani linalokuuma ambalo hujawahi kulisema katika kikundi hiki? Ni nini kinachokuzuia?
2. Someni Mwanzo 33:12–14. Ni nani katika kanisa letu tunayemharakisha?
3. Kuna mama mjamzito karibu nanyi? Wiki hii, ni nani atabeba karai lake?